Nusu ya Ukurasa

Karanga zilikuwa za shilingi mia,
zimesokotwa kwenye karatasi nzito isiyonyonya mafuta,
pale Sabasaba, mkabala na mabasi ya Hombolo.
Ndahani alizila zote, akaikunjua karatasi aitupe.
Hakuitupa.

Sufuria ya shaba. Vitunguu vitatu.
Sungura ametundikwa miguu juu.
"Eunike, hebu tazama mwanga," aliniambia,
"umeingia kwa kubisha hodi."

Maandishi yalikuwa ya Kifaransa.
Tukampelekea mwalimu Lechipya, aliyesoma Bujumbura enzi zake.
Akavaa miwani ya mkewe, akafasiri polepole:
alizaliwa Paris, karne ya kumi na nane,
baba yake fundi wa kufuli.
Kazi yake ya kwanza, bango la kinyozi.
Wenzake walichora wafalme, na miungu wanene juu ya mawingu;
yeye aliingia jikoni, akabaki humo.
Mkewe alifariki mapema.
Hata uzeeni, macho yake

hapo karatasi imechanika.
Jina nalo lilikwenda na kipande kile,
labda lilifunga karanga za mtu mwingine.

Bango la kwanza la Ndahani lilikuwa la kinyozi, Chang'ombe,
kichwa chenye sikio moja kubwa kuliko lenzake.
Kisha bucha ya Majengo: mbuzi
anayechekelea bei ya nyama yake mwenyewe.
Damari alimwachia mtoto na deni la mahindi,
akazikwa mwaka ambao hata uwele ulikataa.

Serikali ilipohamia, suti zilijaa mji.
Mkurugenzi mmoja akaagiza picha yake:
punguza kidevu, ongeza nywele, bendera iwe nyuma.
Mezani palikuwa na bilauri ya maji.
Siku tisa Ndahani aliichora bilauri.
Uso aliumaliza asubuhi moja.
Picha ikarudishwa na dereva, hana hata salamu.
Ipo bado. Ukiwa na kiu usiitazame.

Halafu zikaja mashine za mabango,
saa moja tu, mita sita za plastiki,
kila mtu meno meupe, kila kuku wa kukaanga amevaa miwani.
Mimi ndiye niliyekwenda kuajiriwa huko, Barabara ya Saba.
Sikumwambia. Alinusa wino kwenye gauni langu,
akauliza tu kama wanalipa kwa wakati.

Wateja walipokwisha, akageukia jikoni kwake:
chungu cha mlenda, upawa uliopasuka,
kanga aliyeletewa na wawindaji wa Bahi,
ambaye tulimla akiwa ameanza kuharibika
kwa sababu shingo yake haijakamilika.

Mvumi walimmulika taa, wakamwambia
presha ya macho, mzee, umechelewa kuja.
Njia nzima ya kurudi, vumbi mpaka kwenye meno,
alikuwa ameishika ile karatasi mfukoni.
"Naye pia," alisema. "Sasa najua kilichoandikwa chini."
Nikamjibu hatujui, pengine yalipona,
pengine lilikuwa chongo la kawaida.
"Wewe ni wa plastiki," akasema. Tukacheka hadi Ihumwa.

Brashi akazigawa. Akanituma boksi la chaki, za shule,
na siku hizi huchora ukuta mweusi wa moshi,
pua yake ikigusa kitunguu,
dole gumba likipangusa kile ambacho jicho haliwezi.
Mvua ya juzi ilivuja, ikala vitunguu viwili.
Alisema afadhali, vilikuwa vya uongo.

Jana nimemkuta amekaa, mikono mieupe hadi viwiko.
"Saa ngapi?"
Kumi na moja, nikamwambia.
"Basi mwanga uko ubavuni mwa chungu, karibu na mpini wa upawa."
Nilitazama. Ulikuwa hapo hapo.
Nikanyosha mkono nikipishe chungu, nipate pa kuketi.
"Usikisogeze," alisema.